"Hitilafu ya Umeme" Ina Mwenyewe

Nyumba inapoungua, duka linapoteketea, au zahanati ya kijiji inapokaa gizani siku tatu hata chanjo zikaharibika ndani ya jokofu, wananchi huambiwa maneno matatu tu: hitilafu ya umeme. Maneno hayo yakishatamkwa, mjadala umekwisha. Aliyepoteza mali huokota mabati yaliyosalia, majirani humpa pole, na siku hupita. Ni kana kwamba hitilafu hiyo ni radi ishukayo kutoka mbinguni, isiyo na baba wala mama, isiyoagizwa na mtu wala kulipiwa na mtu.

Huo ni uongo uliozoeleka, na wakati umefika uitwe kwa jina lake. Umeme hufuata sheria zake leo kama ulivyozifuata jana, katika jumba la tajiri na katika kibanda cha maskini, bila upendeleo. Chenye hitilafu ni kile kilichowekwa ili umeme upite. Na mara nyingi mno mahali penyewe si katikati ya waya, bali ni pale waya mmoja unapokutana na mwingine, au unapoingia katika soketi, swichi, mita au ubao wa fyuzi. Ni penye maungio. Maungio hayajitengenezi. Yupo aliyechagua madini yake, yupo aliyeyanunua, yupo aliyeyabana, na yupo aliyepaswa kuyakagua akatia sahihi bila kuyatazama. Hitilafu ina mwenyewe.

FYUZI HAIONI

Wapo wanaojifariji kwamba hata kama ungio ni bovu, fyuzi ipo, nayo itakata umeme kabla ya balaa kutokea. Hilo ni kosa kubwa, na yafaa lielezwe kwa hesabu ili pasiwe na ubishi.

Chukua plagi ya kawaida ya pini tatu, ile yenye fyuzi ya ampea 13 ndani yake, na mwananchi anayechemsha maji kwa birika linalotumia umeme wote huo. Ungio jema ndani ya soketi lina ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya elfu ya omu. Joto linalozaliwa hapo halifiki hata robo ya wati, nalo hupotea hewani bila mtu kujua. Sasa ungio hilohilo lipate kutu, au lilegee, ukinzani wake upande hadi sehemu moja ya kumi ya omu. Mara hiyo joto lake linakuwa karibu wati 17, limekusanyika mahali padogo kama punje ya mahindi. Hilo ni joto la kile chuma cha moto ambacho fundi wa redio huyeyushia risasi. Hebu mwananchi awazie chuma hicho kimewekwa usiku kucha nyuma ya soketi ya plastiki, katika ukuta wa mbao, kando ya pazia.

Na fyuzi je? Fyuzi hupima wingi wa umeme unaopita. Haipimi joto la ungio lililo mbali nayo. Birika linakula ampea zilezile 13 au pungufu kidogo. Kwa fyuzi mambo yote ni shwari. Mlinzi yuko langoni, anahesabu watu wanaoingia, na huku nyuma nyumba inaungua. Ndiyo maana asiyechunga maungio, akategemea fyuzi, hajalinda kitu.

Mfano wa mbali unatosha kuonyesha ukubwa wa jambo dogo. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell mjini London liliwaka moto, na watu 72 walikufa. Waliolifunika jengo hilo kwa vifaa vinavyoshika moto wana lawama yao kubwa, nayo haipungui hata chembe. Lakini moto wenyewe ulianzia katika jokofu la jikoni, kwenye ghorofa ya nne, na mtaalamu wa umeme aliyetoa ushahidi mbele ya Tume ya uchunguzi alieleza kwamba, kwa maoni yake, chanzo kilielekea kuwa ungio la waya lililobanwa vibaya karibu na kompresa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

MADINI HAYAFANANI

Ungio hubeba umeme kwa nyuso mbili za madini zinazogusana. Basi swali la kwanza ni hili: nyuso hizo ni za madini gani, na zimevikwa nini? Hapo ndipo penye elimu ambayo wauzaji wengi huificha, na wanunuzi wengi hawaitafuti.

Shaba nyekundu ndiyo mfalme wa kazi hii, kwa kuwa inapitisha umeme vizuri kuliko madini yote ila fedha, nayo fedha ni ghali. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 ya shaba, lakini uzito wake haufiki theluthi moja ya uzito wa shaba. Kwa hiyo kwa safari ndefu za juu ya nguzo, alumini ina haki yake kamili, na anayesema kwamba alumini ni uchafu hajui anachosema. Ubaya wa alumini hauko njiani. Uko penye maungio.

Ubaya huo una sehemu tatu. Kwanza, alumini ikikwaruzwa tu, hewa huivika papo hapo utando mwembamba usiopitisha umeme. Fundi asiyeusugua utando huo kwa brashi na kupaka grisi maalumu kabla ya kubana, ameunganisha ngozi mbili, hakuunganisha nyama. Pili, alumini ikipata joto hutanuka kuliko shaba kwa kiasi cha theluthi moja zaidi, na karibu mara mbili ya chuma. Kila jioni mzigo unapopanda hutanuka, kila alfajiri hujikunja, na kwa kuwa ni laini na hutiririka polepole inapokandamizwa na skrubu, ungio hulegea siku hata siku. Tatu, alumini ikikutana uso kwa uso na shaba penye unyevu, huliwa.

Jambo hili la tatu kila mwenye redio ya betri analijua bila kujua kwamba analijua. Betri kavu za zamani zina gamba la zinki na kijiti cha kaboni katikati, na baina yao kuna ujiuji. Betri ikitumika sana gamba hutoboka, ujiuji ukavuja na kuiharibu redio. Zinki imeliwa ili umeme upatikane. Basi fundi anayesokota waya wa shaba na waya wa alumini pamoja, akazungushia tepu, akaondoka, ametengeneza betri juu ya nguzo. Katika Dodoma penye ukame, betri hiyo itachelewa. Lakini katika Tanga, Mtwara, Unguja na Pemba, ambako upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, kazi ya kuila alumini huanza mara moja. Mafundi wa zamani wa njia kuu za umeme walikuwa na kanuni iliyo wazi: penye madini hayo mawili, alumini ikae juu na shaba ikae chini, ili mvua isiteremshe chumvi za shaba juu ya alumini. Ni kanuni isiyogharimu hata senti moja, lakini ni lazima mtu aifuate.

Dawa kamili inajulikana. Vipo vichwa vya kebo ambavyo mafundi huviita lagi, vyenye shina la alumini na ulimi wa shaba, vilivyoungwa kiwandani kwa msuguano hata yakawa kitu kimoja. Shaba inakutana na shaba, alumini inakutana na alumini, na ile ndoa ngumu ya madini mawili imefungwa mahali ambapo hewa na chumvi haviingii.

MCHOVYO SI PAMBO

Wananchi wanalijua neno mchovyo kwa sababu ya sonara. Pete ya mchovyo ni pete ya udanganyifu: dhahabu juu, shaba chini. Katika umeme mambo ni kinyume. Mchovyo mwema ni kinga, na kila mchovyo una kazi yake. Udanganyifu ni kuweka mchovyo usiostahili mahali usipostahili.

Bati, yaani madini yale laini meupe yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, ndilo vazi la kawaida la lagi za shaba. Nalo hupata kutu juu yake, lakini kutu hiyo ni nyembamba na ngumu, imekaa juu ya madini laini. Ikibanwa kwa nguvu hupasuka na madini safi yakagusana. Tena bati hupatana na alumini kuliko shaba tupu inavyopatana nayo. Ni mchovyo wa bei nafuu na wa heshima kwa kazi ya nguvu nyingi iliyotulia. Lakini penye mtikisiko, kama katika gari au pikipiki, bati linalosuguana kidogo kidogo hujichubua na kujaza vumbi la kutu baina ya nyuso mbili. Huko yatakiwa kubana zaidi na kupaka grisi.

Fedha hupitisha umeme kuliko madini yote. Kila mwanamke wa pwani aliyevaa vikuku vya fedha anajua kwamba hugeuka vyeusi, lakini weusi huo ni laini na haukawii kuchubuka penye mgandamizo. Kwa sababu hiyo nyuso za swichi kubwa, ambazo hukata na kuunganisha umeme mwingi na kupigwa cheche kila siku, hutengenezwa kwa fedha au kwa mchanganyiko wa fedha.

Dhahabu haipati kutu. Kwa hiyo inafaa mahali ambapo umeme ni mdogo mno hata hauwezi kupenya utando wowote: katika kadi ya simu, katika kadi ya benki, katika viungo vya kompyuta. Na hata huko hupakwa unene usiozidi sehemu moja ya elfu ya milimita, nayo hulazwa juu ya nikeli, maana ikilazwa juu ya shaba tupu, shaba hupenya polepole hadi juu na kuuharibu uso. Yule anayetaka soketi ya pasi yake iwe ya dhahabu anataka fahari, hataki usalama. Na yule anayechomeka pini ya dhahabu katika tundu la bati ameharibu vyote viwili, kwa kuwa bati huhamia juu ya dhahabu na kupata kutu hapo.

Zinki, lile vazi la bolti na nati, hulinda chuma kisiote kutu. Hiyo ndiyo kazi yake. Bolti kazi yake ni kubana, wala si kupitisha umeme. Umeme wapasa upite katika nyuso mbili zilizobanwa. Lakini mara ngapi fundi hutia washa ya chuma baina ya ulimi wa lagi na shaba ya ubao, akidhani ameimarisha, kumbe ameweka ukuta barabarani?

NCHI ILIYOPITISHA SHABA

Ni jambo la aibu kwamba mambo haya yapuuzwe katika nchi hii kuliko nchi nyingine. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976, na mojawapo ya sababu kuu za kujengwa kwake ilikuwa kuifikisha shaba ya Zambia baharini bila kupiga magoti mbele ya tawala za walowezi na makaburu. Watu walifia kazini ili shaba ipite. Bati liko Kyerwa. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara. Dhahabu iko Geita. Karibu kila kitu ambacho ungio jema linakihitaji kimo ardhini mwa taifa hili au kimepita juu yake.

Na leo, katika mji uleule wa bandari ambako shaba ya Zambia na ya Kongo hupakiwa melini, fundi huuziwa waya wa alumini uliopakwa ngozi ya shaba, akaambiwa ni shaba. Katika waya wa namna hiyo shaba yaweza kuwa asilimia 10 tu ya unene wote. Waya huo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba halisi, na pale ngozi yake inapochubuliwa na skrubu, shaba na alumini hukutana uchi. Kuna pia pini za chuma zilizopakwa rangi ya shaba ya njano, na soketi ambazo ndimi zake hulegea baada ya miezi michache. Mlanguzi anayeziingiza bidhaa hizo hauzi vifaa vya umeme. Anauza moto kwa mkopo, na mwananchi ndiye atakayelipa deni.

Atasimama mtu aseme: wananchi ni maskini, wanahitaji vitu rahisi. Hoja hiyo imevaa joho la huruma, lakini ndani yake mna dharau. Maskini ndiye mwenye nyumba moja. Ikiungua hana ya pili. Maskini ndiye asiye na bima. Tofauti ya bei kati ya lagi ya kweli na ya uongo ni ndogo kuliko gharama ya kubeba maiti mmoja. Tena umaskini si kisingizio kwa mnunuzi wa shirika au wa halmashauri, anayenunua kwa maelfu kwa fedha za umma, akachagua bei ya chini kabisa, kisha akapewa sifa kwa kubana matumizi. Hakubana matumizi. Ameyahamisha kutoka katika daftari lake hadi katika nyumba ya mwenziwe.

Hata mataifa tajiri yamekwisha kunaswa katika mtego huo. Nchini Marekani, bei ya shaba ilipopanda, nyumba zipatazo milioni mbili zilitandazwa nyaya za alumini kati ya mwaka 1965 na 1973. Alumini ile ilifungwa kwa skrubu na soketi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 1974 watu wawili walikufa kwa moto katika nyumba moja huko Hampton Bays, katika jimbo la New York, na wakuu wa zimamoto wakasema chanzo ni ungio la waya wa alumini penye soketi. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ulionyesha kwamba katika nyumba za waya huo zilizojengwa kabla ya 1972, maungio yalielekea kufikia hali ya hatari ya moto mara 55 kuliko katika nyumba za waya wa shaba. Senti zilizookolewa dukani zililipwa kwa roho za watu. Wamarekani hawakuishia kusema "hitilafu ya umeme". Walitaja madini, walitaja ungio, wakabadilisha aina ya alumini na aina ya soketi.

LA KUFANYA

Leo umeme umekwisha kufikishwa katika maelfu ya vijiji, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kazi hiyo kubwa yote, tangu mtambo hadi taa ya mwanafunzi, hupita katika maungio yasiyohesabika, na taa ile haitawaka vema kuliko ungio lililo bovu kuliko yote njiani. Kwa hiyo mambo manne hayana budi kutendwa.

Kwanza, zabuni yoyote ya vifaa vya umeme itaje madini na mchovyo, pamoja na unene wa mchovyo, kama inavyotaja idadi na ukubwa wa kebo. Zabuni inayosema "lagi 5,000" na kunyamaza imemkaribisha mlanguzi mezani.

Pili, Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 kwa kazi kama hii, lisiridhike na cheti kilichokuja na mzigo. Sampuli ikatwe, isuguliwe, ipimwe, na mzigo wa uongo uharibiwe hadharani, na aliyeuleta atajwe kwa jina.

Tatu, vyuo vya ufundi vimfundishe kijana madini kabla ya kumfundisha kukaza skrubu. Fundi anayebana lagi kwa nyundo badala ya koleo lake, na anayesokota shaba na alumini pamoja, hana haki ya leseni. Na mwananchi naye ana silaha mfukoni. Sumaku ndogo haishiki shaba wala alumini, lakini hushika chuma kilichojificha chini ya rangi ya shaba. Kisu kikikwangua ncha ya waya na ndani pakatokea weupe, basi huo si waya wa shaba, hata muuzaji aape.

Nne, na hili ndilo kubwa, maneno "hitilafu ya umeme" yasikubaliwe tena kuwa mwisho wa taarifa yoyote ya moto. Taarifa iseme: ungio lipi, la madini gani, lililonunuliwa wapi, lililofungwa na nani, lililokaguliwa lini. Taarifa isiyojibu hayo irudishwe kwa aliyeiandika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo ni mdogo kama unywele, uko nyuma ya soketi, una joto kidogo tu, na fyuzi haiuoni. Lakini mwenye kuuchagua yupo, ana ofisi, ana duka, ana mhuri. Huyo ndiye aulizwe, tena aulizwe kabla ya moto.